Uso Niliouona Mgongoni

Nakumbuka asubuhi moja nilitoka Vingunguti na koti mkononi, bila kujua niendako. Mwanangu, miguu yangu haijawahi kutulia. Ilinitoa shule darasa la tano, ikanitoa Tabora, ikanileta Dar. Lakini asubuhi ile sikuondoka kwa sababu ya miguu.

Nilikuwa nimepanga kwa Bi Tatu, bibi wa Kizaramo, chumba kimoja na Maganga, mtu wa kwetu. Chumba cha pili alikaa Nandonde, mchonga vinyago wa Kimakonde, na mkewe. Uso wake ulijaa chale, nami nilikuwa nimeambiwa Wamakonde ni watu wakali. Nani aliniambia? Watu wa kwetu, ambao nao waliambiwa na watu wa kwetu. Zama zile sote tuliitana ndugu, na mikutanoni hakuna aliyenishinda kwa kupiga makofi. Nikirudi nyumbani nafunga kufuli kwa ajili ya Nandonde. Naye, mkubwa kwangu kwa umri, ndiye aliyeanza kunisalimu kila jioni.

Alfajiri moja nilizinduka usingizini, nikamwona kwa dirishani mtu anatoka uani na koti langu begani. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Balozi wa nyumba kumi aliponiuliza ni nani, sikusita: Nandonde. Akauliza kama nina hakika.

"Nimeziona chale zake," nikasema.

Na sikuwa nadanganya, mwanangu. Hata leo nikifumba macho naziona.

Nandonde alikana kwa maneno machache, mikono imejaa vumbi la mpingo. Akaambiwa ahame. Alipakia magogo yake kwenye mkokoteni, mkewe akajitwika godoro, na hakuna aliyewasaidia kusukuma. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Wiki iliyofuata Maganga akarudi kutoka msibani, koti langu mwilini. Alikuwa ameondoka alfajiri ile ile, nami nilijua, lakini wazo kwamba ndiye halikunipitia hata mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimevaa nguo yenyewe.

"Ulikuwa umelala, nikuamshe kwa ajili ya koti?" akasema, anacheka. "Kwani mie na wewe si ndugu?"

Bi Tatu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mjukuu wangu, yule mtu ulisema alikuwa anatoka?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi alikupa mgongo. Chale za usoni ulizionaje?"

Akapepeta mchele wake, kisha akasema taratibu: "Mgongo umeuona hapa. Uso ulikuja nao kutoka kwenu."

Nilimtafuta Nandonde kwa wachongaji wote niliowajua. Hakuna aliyejua alikohamia, au hakuna aliyetaka kuniambia. Ndipo nikaondoka asubuhi ile, koti mkononi, maana kulivaa sikuweza. Nilipita Ubungo, nikakata kona bila sababu, na mchana nikatokea Mikocheni. Mama mmoja alikuwa na chumba. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tabora.

Akanitazama kidogo. Kisha akaziokota sufuria alizokuwa ameanika uani, akaziingiza ndani moja moja, ndipo akanionyesha chumba. Mtazamo ule niliufahamu. Nilikuwa nao mimi.

Nikalitundika koti kwenye msumari. Jioni nikatoka uani, nikamsalimu yule mama, mimi kwanza.

Mwanangu, jicho halitoki kwenu tupu. Limefungiwa masurufu kama msafiri, na likikosa cha kuona hula yale ya mfukoni. Siku ulimi wako unataka kusema "nimeona", uulize kwanza: niliona uso, au mgongo? Kisha jiulize ni nani kati ya watu wako hukumfikiria kabisa. Na ukigundua umekosea, usingoje wiki. Mkokoteni haungoji.

Mungu akujalie macho yenye subira, na miguu iwahiyo kuomba radhi. Yangu ilizunguka mji mzima, ikachelewa.