Pamba Tupu

Watu husifia harufu ya udongo mvua inapoanza kunyesha. Mimi huinuka nikafunga dirisha. Harufu ile hutolewa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na nimevichukia tangu masika niliyokaa Kisarawe nikiwa darasa la pili. Mama alikuwa amefariki nyumbani kwetu Kongowe, Kibaha, na baba akanipeleka kwa dada yake. Kwenye begi langu nilikuwa na kanga moja ya mama. Nililala nimejifunika usoni, maana bado ilinukia jasho lake na mafuta ya nazi. Shangazi alichukizwa. "Mwanamume mzima unalala na kanga?" Wanawe wakaniita Bibi Harusi.

Siku moja bwana shamba aliwafundisha wakulima kupima uhai wa udongo. Kijiko kimoja, alisema, kinaweza kuwa na viumbe wengi kuliko watu wa dunia nzima: bakteria, kuvu, wengine wa kuozesha majani, wengine wa kulisha mizizi ya kunde. Ukitaka kujua kama wapo, fukia kitambaa cha pamba, ukifukue baada ya wiki kadhaa. Kikiliwa, shamba ni zima. Shangazi alikuwa na sanduku zima la matambara, lakini alikuja moja kwa moja kitandani kwangu.

"Naomba, Shangazi, hiyo ya mama," nikalia.

"Ndiyo ninayoitaka. Hii pamba tupu. Na mama yako huko aliko havai kanga."

Akaichana katikati. Nusu aliifukia shamba la juu, lililokuwa likichomwa moto kila mwaka. Nusu kwenye migomba, palipomwagwa maganda ya jikoni. Niliomba Mungu udongo wote uwe umekufa.

Mvua zilipopungua akafukua mbele ya majirani. Nusu ya juu ilitoka karibu nzima. Nikanyoosha mkono, yeye akaifutia jembe, akaitupa motoni. Kwenye migomba hapakuwa na kanga tena, ila uzi wa pindo, wa nailoni. "Udongo wangu unakula!" Shangazi akapiga vigelegele, na majirani wakampongeza. Mimi nikauokota uzi.

Sasa nina watoto, na watu husema nina roho nzuri. Mwaka huu Shangazi amefariki, tukamzika kando ya migomba ile ile. Wanawe waliniomba niingie kaburini kumpokea. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na kwa mara ya kwanza nikaivuta harufu ile mpaka kifua kikajaa. Wenzangu walikuwa wakilia. Mimi niliipapasa sanda taratibu kwa vidole, nikitafuta nailoni. Ilikuwa pamba tupu.