Samaki Waliokataliwa na Inzi

Sufuria ya wali sikuwahi kuikwangua. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Ifakara, ukiipeleka mtoni unaizamisha tu na kusubiri. Vijisamaki vinakuja kundi zima, vinadonoa ukoko, wewe unamalizia kwa mchanga. Mwaka ule havikuja. Nilichuchumaa mpaka magoti yakauma, ukoko ukabanduka na kwenda na maji. Nikajisemea labda vimeshiba. Mjinga mimi!

Siku chache baadaye perege wakajileta wenyewe. Walikuwa juu juu ya maji, midomo wazi, hata kivuli changu hawakukikimbia. Watu wakaingia mtoni na ndoo na vyandarua, vicheko tupu. Nami nikajaza beseni, nikapasua, nikatia chumvi, nikawatandaza kwenye turubai uani.

Hakutua inzi hata mmoja. Nilifurahi, nisiseme uongo. Mama mkwe alikuwa hanipi nafasi ya kupumua kuhusu jiko langu: "Mwanamke gani wewe, inzi ndio wageni wako wa kila siku!" Nikasema safari hii atanikoma. Wale wanono nikawabanika mpaka wakakauka, na asubuhi nikampa kondakta wa basi la Malinyi ampelekee binti yangu. Mtoto wake ndiyo kwanza alikuwa anaanza kula.

Siku iliyofuata mama mkwe akapita. Nikampa shikamoo yake, nikamwonyesha waliobaki kwenye turubai.

"Haya mama, nitafutie inzi hapo."

Hakucheka. Aliinama, akafunua shavu la samaki mmoja, akanusa.

"Umeshawala?"

"Bado."

"Usiwaguse. Inzi kawakataa hawa, na wewe unabanika? Maji yana sumu hayo, mwanangu."

Miaka yote ile hakuwahi kuniita mwanangu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilimpigia binti yangu mara tatu. Ya nne akapokea, anacheka.

"Mama, wale samaki watamu jamani! Jana tumewamaliza. Hata mtoto nimemchambulia."

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Leo kalala kweli."

"Mwamshe."

"Mama, si umuache tu—"

"Mwamshe nakwambia!"

Nikasikia ndala zake zikienda chumbani. Nikamsikia akimwita mtoto, akamwita tena, sasa kwa sauti ya juu. Mjukuu wangu alichelewa kulia. Alipolia, niliketi pale pale chini nikalia naye. Walilazwa hospitali siku tatu, mama na mtoto, kwa sababu ya mikono yangu mimi.

Nani aliyatia maji sumu, mpaka leo hatujui. Kuna wanaowataja wavuvi wanaovua kwa sumu, kuna wanaosema ni dawa za mashambani. Watu wamerudi kuchota maji pale pale, maana watachota wapi? Jana nimepeleka sufuria mtoni, nimeizamisha, nimesubiri sana. Ukoko wote nimeukwangua mwenyewe kwa kucha.