Gunia Lililomsafisha Rubani

Mzee yule alinikuta dukani kwangu Gilgil nikimpimia mteja dawa ya kupe. Mzungu wa miaka sitini hivi, kofia ya jua kichwani, sanduku la viatu kwapani, akilishika kama mtu aliyebeba mayai. Ndani yake mlikuwa na ndege saba za plastiki. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amemwambia kwamba babu yangu alipigana Burma, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye jikoni kumsikiliza. Hilo lilikuwa kweli. Nikamwagizia chai, nikafunga mlango wa duka nusu ili tuongee. Leo ningeufunga wote, na yeye akiwa nje.

Shida yake aliieleza vizuri. Babu yake alikuwa rubani wa ndege ya kivita. Siku moja yeye na mwenzake walitumwa kusindikiza ndege ya mizigo iliyokuwa ikiwapelekea askari chakula msituni, ng'ambo ya mto. Ndege nne za Wajapani zikatokea upande wa jua ili kuizuia. Pakachafuka. Ndege ya mizigo ikaangushwa, na tangu siku hiyo marubani wenzake wakaanza kumnong'ona, kwamba aliiacha peke yake akakimbilia sifa ya kuangusha adui. Alizeeka na doa hilo, akafa nalo. Sasa mjukuu amestaafu uhandisi, na kazi yake ilikuwa kuvijenga upya vita vile hatua kwa hatua, kisha atengeneze filamu ya kompyuta ya kumsafisha babu.

Sikumcheka. Kumsafisha babu ni kazi ya heshima, na mimi pia nilikuwa na mtu wa kusafishwa.

Siku ile ile, mahali pale pale, rafiki mkubwa wa babu yangu aliuawa na gunia la mchele. Lilitoka kwenye ndege hiyo hiyo ya mizigo. Risasi na dawa ndizo zilizofungiwa miavuli. Chakula kilisukumwa mlangoni kwa mguu, kianguke kitakavyoanguka. Marehemu aliacha nyumbani binti ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni.

Vita vilipokwisha, akarudi askari mmoja ambaye hata hakuwepo siku hiyo. Huyo ndiye aliyekaa penye pombe akawachekesha watu: ati jamaa kwa njaa yake alitoka mbio hadi uwanjani, akafungua mikono kulidaka gunia kama mtu anayepokea mtoto. Babu alipinga mpaka akachoka. Uwongo wenye kichekesho hukimbia, na ukweli bado unafunga viatu. Binti akaitwa wa Gunia. Akaolewa akiitwa hivyo. Na kwa kuwa kwetu mtoto wa kiume wa pili huchukua jina la babake mama, mwanawe alipewa jina la marehemu, na Gunia likamfuata humo humo. Leo ana ndevu nyeupe, mzee wa kuheshimika, lakini kwenye harusi akisogelea sufuria utamsikia mtu: "Pole pole, mzee, usije ukaangukiwa." Watu wazima wenye akili zao wanacheka. Sijawahi kuliona la kuchekesha, na nimegombana na watu kwa ajili yake.

Babu alinisimulia vingine kabisa. Vitambaa vyeupe vilitandazwa uwanjani kuonyesha mahali pa kutupia mizigo. Askari wakaamriwa walale chini ya miti, mbali na uwanja, wasiinuke hata chakula kikianguka. Rafiki yake alilala. Babu alilala kando yake, karibu hata wangeweza kushikana mikono. Gunia lilimfuata pale pale mitini, amelala kifudifudi, akitii amri.

Basi mimi na mzungu tukavijenga vita juu ya kaunta. Kamba ya manila ikawa mto. Pakiti za mbegu za sukuma wiki tukazisimamisha zikawa miti, na karatasi nyeupe ikawa uwanja. Ndege zake zilikuwa na waya chini, tukazichomeka kwenye viazi ili zisimame hewani. Alizisogeza polepole huku akinieleza upepo na jua, nami nikazirudisha kila alipokosea, kwa sababu babu alinisimulia siku ile mara nyingi na hakuwahi kubadilisha kitu. Wateja waliingia wakatuona, wakatoka bila kununua.

Kulikuwa na jambo moja lililomshinda. Kwa nini mizigo ilitawanyika mitini badala ya uwanjani? Yeye alidhani wasindikizaji waliondoka kwanza, adui akaipata ndege ya mizigo, ikayumba, ikamwaga. Nikamwambia hapana. Babu alikuwa amelala akiangalia juu, na magunia yalipoanza kuanguka, wasindikizaji wote wawili walikuwa bado juu ya ndege ya mizigo. Aliwaona. Yule rubani wa mizigo ndiye aliyeingiwa na hofu alipomwona adui kwa mbali, akapinda kabla ya kufika uwanjani, na vijana wake wakasukuma kila kitu nje ili ndege iwe nyepesi.

Mzungu akakaa juu ya mfuko wa chakula cha kuku, akalia. "Kwa hiyo hakuiacha," akasema. "Yenyewe ndiyo iliyowaacha."

Nilifurahi naye, Mungu ni shahidi. Kisha nikamwonyesha upande wangu: kama magunia yaliangukia mitini, basi yule aliyeuawa alikuwa mitini, pale alipoamriwa kulala, wala hakukimbilia chakula chochote. Akakubali. Akachukua punje ya haragwe kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka chini ya pakiti za sukuma wiki. Nikamuuliza kama mtu huyo atakuwemo kwenye filamu. "Bila shaka," akasema.

Jioni nikapanda hadi shambani kwa binti wa marehemu. Namwita tata, yaani shangazi, kwa sababu babu alimlea kama wake. Alikuwa anachambua mboga. Aliniacha nimweleze yote, halafu akauliza jambo moja tu.

"Kwa hivyo watu wataona?"

"Wataona, tata."

"Hao hao wenye hucheka?"

"Hao hao."

Tata ndiye aliyesema filamu ikikamilika ionyeshwe katika ukumbi wa kanisa, mbele ya kila mtu. Mzungu akakubali hilo pia. Mwaka uliofuata akarudi nayo.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, ukumbi ulijaa. Tata alikaa mbele, kitambaa kipya kichwani, mwanawe kando yake katika suti ya harusi. Taa zikazimwa. Sitasema uwongo, ilikuwa filamu nzuri. Mawingu, mto, mngurumo uliotikisa madirisha. Wasindikizaji wakaja, adui akatokea kwenye jua, ndege ya mizigo ikapinda. Halafu gunia likatoka mlangoni. Gunia moja. Filamu ililifuata likianguka, polepole, likizunguka, mpaka kwenye miti, kwa sababu lilikuwa ushahidi na mzungu alitaka kila mtu alione. Likapiga ardhi, majani yakaruka. Chini ya miti hapakuwa na mtu.

Mtu mmoja nyuma akaita, "Gunia ndio hiyo!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wengine walipiga mapaja. Mchungaji aliuma midomo, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, nilimwona. Mwana wa tata alitazama viatu vyake. Kwenye ukuta ikaja sura ya rubani, kijana mzuri, na jina lake kwa herufi kubwa, na maneno kwamba sasa ukweli umejulikana.

Nilimkamata mzungu nje, penye birika la chai, nikamuuliza mtu yuko wapi.

Alikuwa na majibu. Filamu ni ya vita vya angani, akasema. Ukimwonyesha mtu akifa chini, macho ya mtazamaji yanaiacha ndege. Tena, hakuna uthibitisho wa mahali alipolala, ila maneno tu ya babu yangu.

"Na gunia?" nikamuuliza. "Gunia ulilipata wapi? Si mdomo huo huo? Neno la babu yangu limetosha kwa mchele, halikutosha kwa mtu?"

Watu walikuwa wameanza kugeuka. Akanishika mkono, akasema mwishoni mwa filamu kuna shukrani kwa wenyeji wa Gilgil. Nikautoa mkono wangu. Kama ningekuwa na kikombe ningemmwagia.

Tata akatufikia, polepole, ameshikwa na mwanawe.

"Hebu niambie huyu kijana anasema nini," akaniambia.

"Anasema ati filamu ni ya ndege, tata. Si ya watu wa chini."

"Ni sawa," akasema. "Lakini gunia si ya ndege. Gunia ni yetu. Mimi ndiye nimeibeba, na huyu mtoto wangu. Kama baba hayuko, na gunia itoke. Mwambie atoe."

Nikamwambia. Mzungu akabadilika rangi. Haiwezekani, akasema, bila gunia hakuna kinachoonyesha kwamba ndege ya mizigo ilipinda kwanza. Babu yake atarudi kuwa yule aliyewaacha wenzake. Alisema hivyo akinitazama mimi, kwa macho ya kuniomba nimweleweshe huyu mama.

Nikamtafsiria tata yote. Hakupandisha sauti.

"Basi huyo wake akae mpenda sifa," akasema. "Wangu amekaa mlafi tangu nikiwa mgongoni."

Nikayapeleka kwa Kiingereza neno kwa neno, na sikuongeza tafadhali. Mzungu alisema ataangalia atakachoweza kufanya. Akaondoka na sanduku lake la viatu siku iliyofuata, akashuka kwa njia ya Mai Mahiu kwenda uwanja wa ndege, bila kupita dukani.

Filamu sasa iko kwenye mtandao, mtu yeyote anaweza kuiona, na vijana wa stendi wanayo kwenye simu zao. Niliitazama mara moja. Gunia limo, linaanguka vile vile, na chini ya miti bado hajalala mtu.