Amplifaya Mbili za Mzee Marwa

Tulikuwa watano siku ile kwenye karakana ya Mzee Marwa, Tarime mjini. Alikuwepo Mzee Marwa mwenyewe, fundi wa redio. Alikuwepo Mwalimu Owino, kiongozi wa kwaya yetu. Alikuwepo mdogo wangu Mwita, mpiga besi, na Bhoke, anayenifuata kuzaliwa, aliyekuwa mwimbishaji wetu. Wa tano ni mimi, mpiga solo. Nawataja wote, mwanangu, kwa sababu kila mmoja alisikia nilichosema.

Jana uliniuliza kati ya amplifaya mbili za zamani unazouziwa, kubwa na ndogo, uchukue ipi, ukanionyesha kwenye simu mtu akizilinganisha. Nitakujibu, ila niache nianzie kwangu.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikashika jembe, na gitaa nikajifunza jioni. Wadogo zangu sikuwaacha hata siku moja, na hilo sioni haya kulisema. Lakini mtu akianza kulea wenzake akiwa mdogo, anazoea kuamua peke yake. Mazoea hayo yana hasara yake.

Kwaya ilitaka amplifaya moja. Mzee Marwa alikuwa nazo mbili, zote za valvu, yaani zile taa za kioo zinazowaka taratibu ndani, ambazo lazima uzisubiri zipate moto kabla sauti haijatoka. Moja tuliiita Mmarekani: kubwa, spika mbili, valvu nne kubwa nyuma, na transfoma pembeni ya kushushia umeme kwa kuwa haikutengenezwa kwa umeme wetu. Nyuzi nyembamba zililia juu, safi kabisa, besi nene, ila sauti za katikati zilikuwa na shimo. Nyingine tuliiita Mwingereza: ndogo, spika moja, valvu mbili. Hiyo ukiipandisha kidogo tu inaanza kukwaruza, ukwaruzo mtamu, kama koo la mtu aliyeimba ibada nzima.

Nilianza na Mmarekani. Niliifungulia mpaka mabati yakatetemeka.

"Kaka, hii ndiyo!" Mwita akaruka. "Hata ng'ombe wa Nyansurura watatusikia tukiwa hapa hapa!"

Kisha nikapiga Mwingereza, nikaiacha chini. Baada ya kishindo kile ikaonekana kama mgonjwa. Nilikuwa nimeshaamua. Ndipo Bhoke akasema, "Kaka, hiyo kubwa umeifungulia sana. Ishushe zilingane, ndipo tujue nzuri ni ipi. Mimi ndiye nitakayeimba mbele yake."

Nikamjibu, "Bhoke, wewe kazi yako ni kuimba. Haya mambo tuachie sisi wenye masikio."

Mwita alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu Owino alitabasamu akitazama viatu vyake. Mzee Marwa aliendelea kukunja waya. Bhoke alitoka nje kutusubiri, nasi tukabeba Mmarekani.

Ubaya wa amplifaya kubwa ya valvu ni huu: ukiipiga chini sauti yake inalegea, inakuwa nyembamba. Ili inoge lazima uiamshe, na ukiiamsha inameza waimbaji. Mimi niliiamsha. Bhoke alipoomba nishushe, nilishusha, kisha wimbo ulipokolea nikapandisha tena. Kwa miezi mitatu alipandisha sauti yake juu ya ile spika kila Jumapili. Tukaenda harusini Nyansurura, na katikati ya wimbo wa kumpokea bibi harusi, sauti ya Bhoke ikakatika. Mdomo ulikuwa wazi, hakuna kilichotoka. Kwenye zahanati walimwambia anyamaze wiki kadhaa. Alinyamaza. Sauti ya kuongea ilirudi. Ya kuimba haikurudi kama ilivyokuwa.

Nikarudi karakana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Nilikuwa nakungoja."

Mwingereza ilikuwa bado ipo, lakini mpiga gitaa mmoja wa Ikoma alikuwa amekwisha kuilipia na kesho yake angeifuata. Nilimweleza yaliyompata Bhoke. Mzee Marwa hakunifariji. Alinituma nikalete Mmarekani, akaziwasha zote mbili, akazipandisha na kuzishusha mpaka nguvu zake zikawa sawa. Akaniambia nitazame ukutani. Akapiga kipande kimoja kwenye hii, akakirudia kwenye ile.

"Ipi?"

"Ya pili."

Akabadilisha mpangilio, akapiga tena, mara tatu. Mara zote tatu nilichagua ile ile. Nilipogeuka, ilikuwa Mwingereza.

"Dada yako alikwambia uzilinganishe," akasema. "Haya, mwenye masikio alikuwa nani?"

"Mbona hukusema siku ile, mzee?"

"Ungenisikia, mura? Lakini hata mimi nilikosa. Fundi ni mimi, na nilinyamaza."

Basi, mwanangu, jibu lako ndilo hili. Kubwa ni ya uwanjani, ndogo ni ya kanisani na ukumbini. Lakini usiniamini mimi wala huyo wa kwenye simu. Ziache zipate moto. Linganisha nguvu kwanza, kwa maana sikio la kila mtu huisifu yenye kelele. Geuka usizione. Piga pamoja na waimbaji, usipige peke yako, na atakayesimama mbele ya spika ndiye umuulize wa kwanza. Hata nyumbani fanya hivyo hivyo: mwenye sauti kubwa umshushe, mpole umpe nafasi, kisha ndipo uamue.

Mungu akubarikie mikono yako, akupe wadogo wasioogopa kukwambia, "Kaka, shusha," na akupe moyo wa kushusha kweli.

Mimi bado nina deni. Bhoke nilimwomba radhi tukiwa wawili, jikoni kwake Busawe. Akasema, "Yaliisha, kaka. Kula." Lakini neno lile la masikio sikumwambia tukiwa wawili, na lililosemwa mbele ya watu linafutwa mbele ya watu. Mzee Marwa amefariki. Mwalimu Owino alirudi kwao, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Amebaki Mwita. Kila Krismasi tunakaa meza moja, sisi watatu na watoto wetu wote. Nakohoa kidogo, wananitazama, kisha naomba chumvi.

Krismasi iliyopita pia niliomba chumvi.