Maganga Apimwa Mbele ya Ukoo

Daktari Taslim alizaliwa Iringa mjini, nyuma ya duka la vitenge la baba yake, na alitarajiwa kurithi futi ya kupimia vitambaa. Badala yake akasomea uzazi, akarudi Nyanda za Juu na kufungua kliniki Mwanjelwa, juu ya duka la mabeseni. Alikuwa wa kwanza huku kutungisha mimba nje ya mwili. Sifa aliyoipata ni majirani kumwuliza kama watoto hao huwa na kitovu.

Adui yake hakuwa ugumba. Walikuwa waume. Wake walipimwa mpaka wakachoka. Waume walibaki ngazini wakitafuna karanga. Inaudhi kweli.

Ndipo akaja Maganga, mfugaji wa Usangu, na mkewe Catherine. Mama mkwe alikwisha kusema: asiposhika mimba mwaka huu, arudi kwao. Vipimo vikaonyesha Catherine ni mzima kabisa. Daktari akamgeukia mume.

"Baba, ng'ombe wako wasiposhika mimba, unaanza kumkagua nani?"

"Dume," alijibu Maganga bila kufikiri. Kisha akafikiri.

Akakubali kupimwa, ila kama dume anavyopimwa: mbele ya ukoo. Wiki iliyofuata wakashuka wazee na fimbo zao, mama mkwe akiwa mbele. Wakamtembeza Maganga uani kati ya mabeseni, wakimtazama miguu. Wakamfunua midomo. Wakataka na daktari ayaone meno, la sivyo majibu yake hawayapokei. Taslim, mwenye shahada tatu, akawasha tochi, akaangalia.

"Meno safi," akasema, na wazee wakaridhika.

Maganga akaingia chumbani na kikopo. Ukoo mzima ukasubiri mlangoni, mzee mmoja akimpigia mluzi kama anavyowapigia ng'ombe waliogoma kunywa maji.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote.

"Mbegu hazitoki, njia imeziba. Naweza kuzifuata ndani kwa sindano. Lakini tatizo halikuwa la Catherine, hata siku moja."

Yule mzee wa mluzi, ambaye hajui kupindisha maneno, akamgeukia Catherine.

"Mwanangu, kwetu dume la hivi huuzwa. Unasemaje?"

Catherine alimtazama mama mkwe kwanza, hadi yule mama akainamisha macho. Kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa akikodolea macho vidole vyake vya miguu.

"Siuzi," alisema. "Daktari, mtibu."