Kabla ya Kusema Amekuwa Mbogo

Siku ile naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, siku kaka yangu Masanja alipokuwa mbogo. Ninyi vijana wa Bariadi mjini leo mnasema mtu amemaindi. Sisi tulikuwa na maneno yetu. Aliyekasirika kimyakimya, mashavu yamejaa, tulisema amefura, kama unga uliotiwa hamira. Anayefoka tulimfananisha na chungu cha uji kinachomwagikia moto wake chenyewe. Lakini neno zito lilikuwa mbogo. Aliyeitwa hivyo watu walimpisha njia.

Masanja alikuwa mpole, hata ng'ombe walimzoea kuliko baba. Siku hiyo wazee wa Kasoli, upande wa mchumba wangu, walikuwa uani wakipanga mahari nitakayotoa. Ghafla akamfokea baba mbele yao, akapiga teke kigoda, akaondoka kuelekea lamboni tulikonyweshea ng'ombe. Kwetu hiyo ni aibu kubwa. Baba akaapa kwamba mtoto huyo hatalala tena katika mji wake. Mimi nilimpenda kaka yangu, na mke nilimtaka.

Mjomba alikuwa amekuja kutoka Mwanhuzi kwa shughuli hiyo. Ujanani aliwabebea wawindaji mizigo. Akauliza kuna nini, nikamjibu kwamba Masanja amekuwa mbogo.

“Ng'wanone, mwanangu,” akaniambia, “neno hilo mnalisema tu, mnajua lilikotoka? Mbogo mzima akikuona hukutazama, kisha mara nyingi huenda zake. Anayekurudia ni yule mwenye jeraha. Sisi tukisikia mbogo amekuwa mkali, tulitafuta damu kwanza kwenye majani. Sasa kaka yako ameumia wapi?”

Hakuna aliyejua. Tulikuwa wengi pale, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mjomba akamfuata lamboni, akakaa naye mpaka jua likainama. Waliporudi, Masanja aliinamisha kichwa mbele ya baba, akaomba radhi kwa kufoka.

“Yule mtamba mwekundu nilimlea kwa mkono wangu tangu mama yake alipokufa,” akasema. “Leo nimemkuta kafungwa kamba, anasubiri kupelekwa mahari. Mdogo wangu nisingemnyima, baba. Nilitaka niambiwe.”

Baba akamwendea yule mtamba. Kisha akaichukua ile kamba, akampa Masanja. “Mtamba ni wako. Sema wewe.”

Masanja akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea kamba mkononi. Nililia, mjukuu wangu, sikuficha. Mke niliyemwoa ndiye huyu bibi yenu anayewapikia michembe ya viazi vitamu.

Hasira hasara, wahenga walisema, nami siwapingi. Ila mtu wa nyumbani mwako akiwa mbogo, usikimbilie kumfukuza. Kuuliza si ujinga, muulize ameumia wapi. Na siku mbogo ukiwa wewe, taja jeraha lako kabla hujapiga teke kigoda cha mtu.

Mungu akupe moyo wa mjomba na ulimi wa Masanja wa jioni ile. Na ukiondoka nyumbani kwa hasira, asikosekane mtu wa kukufuata lamboni.