Mkanda wa Jeshi na Jibu Nililowanyima

Watumishi wenzangu, mmeniomba nizungumze juu ya kupumzika. Nitazungumza. Ila aliyetegemea maneno laini atanisamehe, kwa sababu mimi nilipona nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ningali nayo.

Kabla sijaugua nilikuwa mchungaji wa ushirika wa Kiswahili pale Alexandria ya Marekani. Watanzania, Wakenya na Wakongo, tuliabudu Jumapili mchana katika ukumbi wa chini wa kanisa la Wamarekani, wao wakishamaliza ibada yao. Siku za kazi nilimhudumia bibi mmoja wa Kizungu nyumbani kwake: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza. Nikitoka hapo ndipo uchungaji unaanza. Huyu ametua uwanja wa ndege na hana wa kumpokea. Yule amefiwa na mama nyumbani na hawezi kusafiri kwa sababu ya vibali. Wanandoa wamegombana, wananipigia wote wawili, kila mmoja kwa simu yake. Mume wangu alikufa kwa ajali ya gari Morogoro kabla sijaja Marekani. Nilibaki na binti yetu, Neema, na kazi.

Mwenyekiti wa baraza la wazee nitamwita Mzee Obadia. Nilimwomba likizo fupi. Akacheka, akanishika bega. "Mchungaji, pumziko lako liko mbinguni." Wazee wengine wakasema amina. Mwaka uliofuata nikaomba tena. Akajibu vilevile, safari hii bila kucheka.

Ugonjwa ulianza kama mwasho mgongoni, upande wa kushoto. Kisha pakawa panaungua. Nikijitazama kwenye kioo sioni kitu. Nikadhani ni kumnyanyua yule bibi, nikajipaka dawa ya kuchua. Baadaye malengelenge yakatoka, makundi makundi, yakazunguka kutoka uti wa mgongo hadi chini ya ziwa. Sidiria sikuweza kuvaa. Shuka likinigusa ni kama mtu ananipitishia pasi ya moto. Sikwenda hospitali. Nilikuwa na harusi ya kufungisha.

Kwenye harusi hiyo, nikiwa nimeinua mikono kuwabariki maharusi, nikaanguka. Akina mama walinibeba hadi chumba cha pembeni, wakanilegeza nguo nipate hewa. Mke wa Mzee Obadia alikuwa mmoja wao. Akaona. Mnajua wenyewe jina la mkanda wa jeshi kwetu miaka ile. Ukikutoka, watu hawaulizi umetokana na nini. Wamekwisha kusema ni UKIMWI.

Daktari wangu, mama wa Kihabeshi kwenye kliniki moja ya mtaa wa Shaw, alinikagua taratibu.

"Uliugua tetekuwanga utotoni?"

"Ndiyo."

"Virusi vyake havikuondoka. Vimelala kwenye mishipa ya fahamu miaka yote. Mwili ukichoka kupita kiasi vinaamka. Mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini?"

Nikajaribu kukumbuka. Nikaanza kulia, na sikuweza kuacha. Akavuta kiti, akakaa nami. Alisema nimechelewa, dawa hufanya kazi vizuri ikiwahiwa, na maumivu yanaweza kubaki kwa miezi. Akasema kilio changu nacho kinahitaji matibabu, akanipangia mshauri hapohapo kliniki. Kabla sijaondoka nikamwomba anipime na virusi vya UKIMWI, maana niliwajua watu wangu. Akachukua damu.

Neema alikuwa anasoma chuo kikuu, mji wa College Park. Wenzake wa fleti walikuwa wameondoka likizo ya kiangazi, akanihamishia kwake. Akaninyang'anya simu. "Mama, simu nina-keep mimi. Lala."

Nililala kama mtu aliyepigwa. Siku chache baadaye Neema akarudi kutoka kanisani macho yamevimba.

"Vijana wa church wananiuliza kama ni kweli una AIDS. Wanasema Baba ndiye alikupa. Mzee Obadia aliwaambia wazazi wao kwenye maombi, eti wakuombee."

Kwenye maombi! Marehemu mume wangu, mtu aliyenipenda vizuri, anachafuliwa na watu waliofumba macho. Hapo nikaijua chuki. Nilijilaza kwenye kitanda cha msichana wa watu nisiyemjua, ubavu unawaka, namwombea Mzee Obadia malengelenge ya ulimi. Nilimtajia Mungu kiungo kimoja kimoja. Mshauri wangu alipoyasikia hakushtuka. "Yaseme kwa sauti," akaniambia. Nikayasema. Ilikuwa mara ya kwanza kukasirika mbele ya mtu asinikumbushe kwamba mimi ni mchungaji. Usingizi ulianza kurudi, kisha hamu ya chakula. Jioni nilitembea na Neema kwenye nyasi za chuo, mkono nimeuweka mbali na ubavu.

Na nilikuwa napanga. Majibu ya kipimo yakitoka safi, nitasimama mbele ya ushirika wote niyatangaze, huku namtazama Obadia usoni anavyonyauka. Nilifanya mazoezi ya hotuba hiyo bafuni.

Ndipo dada mmoja wa kanisani akaja kunitazama. Ameniruhusu nisimulie, ila sitataja jina lake wala nchi yake. Alileta supu ya kuku, akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mchungaji, mimi hivyo virusi ninavyo kweli. Ni miaka sasa, nakunywa dawa, sijamwambia mtu. Kama wewe wanakusema hivi, mimi watanifanyaje? Sirudi tena pale."

Niliishika tu mikono yake. Nikiwaza hotuba yangu, nikaona kwamba nikisimama kujigamba kuwa mimi ni safi, nitakuwa nimesema pamoja nao kwamba yeye ni mchafu. Hotuba ile niliiacha. Hasira haikuniacha.

Majibu yalipotoka, daktari aliniambia tukiwa wawili. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Jumapili niliyorudi, Mzee Obadia ndiye aliyeongoza ibada. Nilikaa nyuma. Alipoita wenye ushuhuda, nikasimama. Hakuwa na namna ya kunizuia. Nikaeleza malengelenge, na kuanguka, na likizo nilizonyimwa.

"Mzee Obadia, umewaambia watu nina UKIMWI. Nimepima. Majibu ninayo."

Nikamwona anasogeza kichwa mbele asikie vizuri.

"Sitakuambia. Sitamwambia yeyote humu. Nakuuliza wewe: kama ninavyo, utanifanya nini? Mkate nikiumega, utaula? Jibu."

"Mchungaji, hayo ni mambo ya baraza."

"Hukuyapeleka kwenye baraza."

Mama mmoja wa Kikenya, mtu mzima, akasema kutoka kitini, "Jibu swali, Mzee."

Nilibaki nimesimama makusudi, nikiangalia jasho linavyomtiririka. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilishiba. Mwishowe akachukua koti lake akatoka, mkewe nyuma yake, na familia kadhaa baada yao. Yule dada alirudi, na siku hizi likizo yangu haiombwi kwa mtu. Natangaza tarehe, naondoka.

Namshukuru Mungu, daktari yule, mshauri wangu na Neema. Ndugu zangu, mwili ukianza kuuma nendeni hospitali, harusi itafungishwa na mwingine. Pumzikeni kabla hamjaanguka mbele za watu. Tafuteni mtu mmoja asiye muumini wenu, mumwambie mliyonayo moyoni, hata yale mabaya, na muache kuyafunika kwa mahubiri.

Wengi huniuliza kama nimemsamehe Obadia. Nimeanza. Bado sijafika.

Juzi tulikutana dukani. Amezeeka. Tukasalimiana vizuri, akaniulizia Neema. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mchungaji, lakini yale majibu... ilikuwaje?"

"Naendelea vizuri, Mzee. Bwana asifiwe," nikamwambia, nikasukuma toroli langu kwenda kulipa.